Siku Kombo Aliposutwa

Juzi nilimsindikiza jirani yangu zahanati akafungwe plasta mkononi. Muuguzi alipoichovya bandeji ndani ya karai la maji, harufu yake ilinifikia pale nilipokaa, harufu ya chokaa mbichi na unga uliolowa, na kabla sijatambua ninafanya nini nilikuwa nimegeuza uso kumtafuta mtu. Nilikuwa namtafuta Kombo. Kombo hakuwahi kuzaliwa. Nalijua hilo, na nililijua tangu mwanzo, kwa sababu mimi ndiye niliyempa jina. Hata hivyo nilimtafuta mle chumbani kama mtu anayemtafuta ndugu yake kwenye foleni.

Mimi si mtu wa kuona vitu visivyokuwapo. Elimu yangu ya darasani iliishia mapema. Iliyobaki nimeiokota mwenyewe vitabuni, polepole, na nimejizoesha kutolisema jambo mpaka nijue limesimama wapi. Hili la Kombo ndilo ambalo sijajua limesimama wapi. Nitalieleza kwa mpangilio wake, na wewe uliyekua zama zetu pengine utaona ninachokikosa.

Tulikaa Mikindani, mimi na mama, katika chumba cha kupanga. Mama alifanya kazi kiwandani Changamwe, akitoka alfajiri na kurudi jua likizama. Hatukuwa na ndugu wa karibu, ndugu zetu wote walibaki Ukambani. Aliyetupokea alikuwa Bibi Rukia, mwanamke wa ukoo wa zamani wa Jomvu, ambaye mabomba yetu yalipokauka alituachia tuteke maji kisimani kwake. Kutokana na maji wakazoeana, na kutokana na kuzoeana ikakubaliwa kwamba nikitoka shule nisirudi kwenye chumba kitupu. Nilikwenda kwa Bibi, nikala na mjukuu wake Mwanasha, aliyelingana nami umri, nikakaa pale mpaka mama aje kunichukua.

Mama alinipa sharti moja. "Pale si kwetu," alisema. "Ukikosana nao, unakwenda kwa susu." Susu ni nyanya yangu, mama yake mama. Nilikuwa nimemwona mara chache tu, na nilichokumbuka ni kwamba alizungumza na mbuzi wake zaidi kuliko watu, na kwamba usiku kule ulikuwa mweusi kuliko wa kwetu. Sikumchukia. Nilichoogopa ni kuamka mahali ambapo mama hayupo. Basi nikawa mtoto asiyekosea. Nilisema shikamoo kabla sijaona vizuri ni nani anayeingia.

Mwaka huo kaka yake Mwanasha, Badi, alivunjika paja akicheza mpira. Wakamfunga plasta kutoka kiunoni hadi vidoleni, wakamlaza kwenye kitanda cha kamba katika ukumbi wa nyuma, mahali penye upepo. Alikuwa kijana wa sekondari mwenye maneno mengi, na sasa akawa na maneno bila miguu. Ami yake, baharia, alipopita kumjulia hali alimletea kisanduku alichosema mabaharia wenzake wa kizungu walikiacha melini. Ndani mlikuwa na kitabu kilichopoteza jalada na dadu za ajabu, nyingine zenye pande nyingi kiasi kwamba zilikuwa karibu kuwa mviringo.

Badi alikisoma kitabu kile mchana na usiku, kisha akatuita. Mchezo wenyewe, alieleza, hauna ubao. Mmoja anasimulia: kuna mji, kuna msitu, kuna mlango. Wengine kila mmoja ana mtu wake, na anasema mtu huyo anafanya nini. Kama jambo ni gumu, dadu huamua limewezekana au halikuwezekana. Tulitumia komwe za bao la marehemu babu yao kuonyesha nani amesimama wapi. Bibi alikaa pembeni juu ya mbuzi, akikuna nazi, na mwanzoni nilidhani hasikilizi.

Kabla ya kuanza ilitupasa kuchagua watu wetu ni wa namna gani. Juu ya plasta, pale pajani palipokuwa papana, Badi alichora kwa kalamu mraba wenye visanduku tisa. Safu ya juu ni watu wema, safu ya chini ni waovu, katikati ni wasioelemea popote. Upande wa kushoto ni wanaoshika sheria, upande wa kulia ni wasiojali sheria yoyote. Kila mtu duniani, Badi alisema, anaingia katika kimoja cha visanduku hivi.

Mwanasha alichagua haraka. Mtu wake alikuwa tabibu, jina lake Nuru, mwema asiyejali sheria, anayemtibu yeyote aliyelala mlangoni pake bila kuuliza ametoka wapi. Badi akaliandika jina pale juu kulia. Kisha akanitazama.

"Hadithi ikiwa na wema watupu italala," alisema. "Wewe chukua huku chini."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu hukosei. Nikimpa Mwanasha uovu, muda si mrefu atasahau aanze kugawa biskuti."

"Wewe nawe," Mwanasha alisema, lakini alikuwa anacheka.

Nikampa mtu wangu jina la Kombo, na Badi akaliandika katika kisanduku cha chini kabisa, kushoto. Mwovu anayeshika sheria. Nikamwuliza mtu kama huyo hufanya nini, maana sikutaka kuharibu. Alifikiri. "Haibi," alisema. "Hapigani ovyo. Anaitazama sheria inasema nini, anaitumia kujinufaisha. Akiweza kukudhuru bila kuvunja sheria, atakudhuru."

Hapo ndipo nilipoelewa vibaya, kama kweli nilielewa vibaya. Shuleni mwalimu alikuwa akigawa kazi: wewe utagonga kengele, wewe utafuta ubao. Aliyegonga kengele hakuuliza kama anapenda kelele. Nililipokea neno mwovu kama nilivyolipokea zamu ya kengele. Nilipewa kazi ya uovu na mtu aliyenizidi umri, katika nyumba ambayo nilitakiwa nisikosane na mtu, na niliazimia kuifanya vizuri.

Nilijua ni mchezo. Lakini kanisani kwetu mtu alikuwa ama ameokoka ama hajaokoka, na sikuona ni vipi Kombo angekaa nje ya hesabu hiyo. Shule ya Jumapili mwalimu wetu alipouliza nani ana hoja ya maombi, niliinua mkono nikasema kuna mtu anaitwa Kombo, anakaa Jomvu, ni mwovu. Darasa zima likafumba macho likamwombea. Mwalimu akaniuliza baadaye kama mtu huyo ananisumbua. Nikasema hapana, niko naye kila siku. Aliniangalia kwa wasiwasi mwezi mzima. Mimi nami nilikuwa na wasiwasi wangu: maombi yakijibiwa, Kombo akaokoka, atakuwa ametoka kwenye kisanduku chake, na Badi atasema nimekosea.

Majuma yakapita hivyo. Kumbe Bibi alikuwa akisikiliza neno kwa neno. Alinipokea mlangoni: "Mwende, Kombo hajambo?" Nikamjibu hajambo, nisijue kama ni adabu kumjibia. Aliyempenda hasa ni Nuru. Nuru alipoumwa homa msituni, Bibi aliacha kukuna nazi. "Mpeni maji ya ukwaju," alisema, na Badi ikambidi aandike kwamba msitu ule una mikwaju.

Kisha ikaja siku ya tangazo. Katika mji wa hadithi, Liwali, mtawala wake, alikuwa akiwinda waasi, na Nuru alikuwa akiwatibu kwa siri ndani ya ghala la chumvi. Kombo alilijua ghala hilo. Nuru mwenyewe alimficha humo siku Kombo alipoumwa na nyoka, akamnyonya sumu kwa mdomo wake. Sasa mpiga mbiu wa Liwali akapita akisema: ajuaye waliko wanaowatibu waasi aseme, na asiyesema atanyang'anywa nyumba.

"Mwende," Badi alisema. "Kombo anafanya nini?"

Niliutazama mguu wake. Niliangalia kisanduku cha chini, kushoto.

"Anakwenda kwa Liwali."

Mwanasha akacheka. Alidhani ni hila, kwamba Kombo anakwenda kumdanganya Liwali. "Halafu?"

"Anamwambia ghala liko wapi."

Badi alijiinua kwa viwiko. "Una hakika?"

"Ndiyo sheria," nilisema. "Na yeye ndivyo alivyo."

Mwanasha akaomba arushe dadu ili Nuru akimbie. Dadu ikazunguka mkekani kwa muda mrefu, ikasimama kwenye namba ndogo. Askari wakamtoa Nuru ghalani, wakamtia gerezani. Kule pembeni sauti ya mbuzi ya nazi ilikuwa imenyamaza. Mimi, nitasema kweli, nilikuwa nikingoja Badi aniambie nimefanya sawasawa.

Hakuniambia. Kesho yake sinia lilipowekwa, Mwanasha alichukua sahani, akajipakulia, akaenda kukaa kizingitini. Hatukuwahi kula hivyo. Nikabaki na sinia zima mbele yangu, wali na mchuzi wa papa, nikaogopa kutia mkono.

"Mwanasha," Bibi aliita.

"Abee."

"Ndoo ule na mwenzio," alisema, akimwonyesha sinia.

"Siwezi kula na mtu alonisaliti."

Bibi hakuuliza nani wala lini. Aliweka chini kijiko cha mchuzi. "Ni yule Kombo," alisema, akitikisa kichwa kama mtu anayetaja jirani aliyemshuku siku nyingi. "Haya. Mambo haya hayalazwi. Nitamwita Salma."

Kwa asiyekulia pwani nieleze. Kwao mtu akisengenywa au akifanyiwa hiana, hanuni kimya. Huchukua wanawake wenzake wakaenda kwa aliyemtenda, wakamkalisha mbele ya mashahidi na kumwuliza usoni: ulisema, hukusema? Huko ndiko kusutwa. Jambo likishatolewa nje huisha, ama kwa radhi, ama kwa msutwa kufukuzwa na kutosalimiwa tena. Bi Salma, muuza mahamri wa mtaa ule, ndiye aliyeitwa pakiwa na la kusuta, maana ulimi wake haukuogopa mtu. Niliwahi kumsikia kwa mbali akimsuta mwanamke mmoja mpaka mwanamke yule akahama.

Alikuja alasiri, amejitanda buibui, leso mpya mabegani. Akaketi. "Haya, nani kamtenda nani?"

"Kombo kamuuza Nuru kwa Liwali," Bibi alisema.

"Kombo yupi? Yule wa Miritini, wa baiskeli?"

"Wa humu ndani."

"Yuko wapi?"

Badi akanyoosha kidole kwenye paja lake. "Hapa, Bi Salma. Kisanduku cha chini, mkono wa kushoto."

Bi Salma aliinama akautazama mraba ule, akainuka. "Yaani nimewacha unga wangu ukiumuka," alisema, "nimejitanda, nimevuka barabara, nimekuja kuusuta mguu?"

"Usiteke, Salma," Bibi alisema, akimkataza kucheka. "Wana hawali sinia moja."

Hilo likamtuliza. Aliuliza mambo yalivyokuwa, akaelezwa, na nilishangaa jinsi alivyofuata kwa makini: ghala, nyoka, mbiu. Alipomaliza kuuliza alinigeukia, na uso aliokuwa nao haukuwa wa mchezo hata kidogo.

"Weye mwana. Ulisema, hukusema?"

Nilijaribu kulipanga. Nikisema nilisema, mimi ni msaliti, na msaliti hufukuzwa, na nikifukuzwa niko kwenye basi la Ukambani. Nikisema sikusema, ni uongo, na wote walinisikia. Lilibaki jibu moja ambalo niliona ni la kweli.

"Kombo ndiye alosema," nilijibu.

Bi Salma akapiga makofi mara moja, taratibu, akamgeukia Bibi. "Umemsikia? Miaka yote hii ninayosuta watu, sijapata mmoja alosema mwenyewe. Kila mmoja ana Kombo wake."

"Si kosa lake," Badi alidakia kitandani. "Uovu nilimpa mimi."

"Nawe kakupa nani?"

"Kitabu."

"Na kitabu?"

"Ami."

"Basi tumngoje ami meli ikitia nanga," Bi Salma alisema. "Mwanasha, sema wewe. Ndiwe ulotendwa."

Mwanasha alikuwa ameegemea nguzo, hatazami mtu. "Miye sina neno na kuuzwa," alisema. "Nuru akifa nitafanya mwengine. Lakini Badi alipomwuliza, hakunitazama. Aliutazama mguu."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi kuliko lolote nililowahi kusoma. Nilipokuwa mtu mzima nilikiona kitabu cha mchezo wa namna ile kwenye meza ya vitabu vikuukuu, nikakinunua, nikakisoma kwa kamusi kuanzia mwanzo. Kwa kadiri nilivyokielewa, kile kisanduku si amri. Kinaeleza tu mtu amekuwa akitenda nini, na akitenda mengine, jina lake huhamishwa. Nilifurahi kuona hivyo, kwa muda. Kisha nikaona kwamba kama hakikuwa amri, basi hakuna aliyeniamuru. Na kama hakuna aliyeniamuru, ni nani aliyekwenda kwa Liwali? Mtoto mtiifu asiyekosea, ndiye huyo, na alikwenda kwa sababu alikuwa mtiifu. Kitabu hakina kisanduku cha kumwekea mtoto wa namna hiyo, au nimekitafuta vibaya.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo mama alipoingia, kitambaa cha kiwandani kichwani, mkoba mkononi. Alipoona nimekalishwa katikati ya wanawake, alisimama pale pale ukumbini.

"Amefanya nini?"

"Kamuuza mtu, mama Mwende," alisema Bi Salma.

"Mtu gani?"

"Tabibu."

"Wa hospitali gani?"

"Wa mchezo, mama," Badi alisema, akaanza kueleza, lakini mama hakuwa akisikiliza mchezo. Alikuwa amemwona Mwanasha penye nguzo na sinia lililobaki na wali. Alielewa kwamba tumekosana.

"Basi Ijumaa anapanda basi," alisema. "Nilimwambia. Sitaki awasumbue watu waliotusitiri."

"Hajafukuzwa bado," Bibi alisema. "Kaa kwanza. Mwende, muombe mwenzio radhi yaishe."

Nilifungua kinywa. Nilitaka sana kuomba. Lakini nilikuwa mtoto wa kufanya mambo sawasawa, na swali likanitoka kabla sijalizuia. "Niombe kama Mwende, Bibi, au kama Kombo?"

Bi Salma alivuta pumzi. Najua ilisikika kama ufidhuli. Haikuwa ufidhuli; sikujua kabisa. Kama radhi ilikuwa ya Kombo, Kombo asingeomba, na mimi nikiomba kwa kinywa chake nitakuwa nadanganya. Kama ilikuwa yangu, nilikuwa nimekosa wapi? Nilingoja mama anifinye.

Hakunifinya. Alivua viatu, akaja akaketi mkekani kando yangu, mahali pa msutwa. Alinuka mafuta ya mashine na jasho.

"Mimi huyo Kombo simjui," alisema. "Sijui anakaa wapi, sijui anakula nini. Lakini kama ametoka kwa mwanangu, ametoka kwangu. Mwanasha, mwanangu, nipe radhi."

Mtu mzima kumwomba mtoto radhi lilikuwa jambo ambalo Mwanasha hakufundishwa jibu lake. Aliinua macho, akasema kile alichofundishwa kumjibu mkubwa. "Abee," alisema. Kisha akaongeza, "Sina kinyongo, mama."

"Imekwisha," Bibi alisema. "Kesho aje kama kawaida. Sinia ni moja."

Bi Salma aliinuka akajifunga leso yake upya. "Nimesuta wengi," alisema, akienda zake kwenye unga, "lakini mtu wa kuandikwa kuombewa radhi na mama wa watu, hii ndiyo ya kwanza." Mwanasha akatoka penye nguzo, akakaa, akasogeza goti lake pembeni ili nami nipate nafasi. Tulikula wali uliopoa. Aliukata mnofu wa papa akausukuma upande wangu.

Tuliondoka na mama jua likiwa linazama nyuma ya nguzo za taa za barabarani. Malori yalikuwa yamejipanga kuelekea bara, nasi tukatembea kando kando ya lami, yeye mbele, mimi nyuma. Nilingoja anigombeze. Tulipofika karibu na nyumbani aliniuliza bila kugeuka.

"Yule tabibu walimfanya nini?"

"Yuko gerezani."

"Gereza gani?"

"La Liwali. Liko chini ya ardhi, Badi alisema lina milango ya chuma."

Alitembea kidogo. "Kesho umtoe."

"Kombo hawezi, mama. Yeye ni mtu wa sheria, na sheria ndiyo ilosema—"

"Sijamwambia Kombo," mama alisema. "Nimekwambia wewe."

Nilisema ndiyo mama. Nikaendelea kumfuata, nikijaribu kufikiri ni vipi ningeingia mle gerezani bila Kombo.